Kelele Hizi Zina Ukoo

Juma hili naomba mnivumilie, maana nitazungumzia kelele. Si zile za daladala wala za baa, bali zile zinazotengenezwa kwa makusudi, zikarekodiwa na kuuzwa.

Jioni moja jirani yangu, mama wa makamo, alinisimamisha mlangoni. "Kaka yangu, wewe ndiye mtu wa muziki hapa mtaani. Hebu njoo usikilize. Huyu mwanangu anasikiliza muziki, au anasikiliza mtu anauawa?" Niliingia. Kijana, wa kidato cha sita, alinipa shikamoo kwa heshima zote na kupunguza sauti kidogo. Kwenye spika mwanamume alikuwa akifoka kama aliyebanwa vidole mlangoni, na chini yake gitaa la besi likigonga kama nyundo juu ya bati. Kundi lenyewe linaitwa Chat Pile, la Oklahoma City, Marekani, na albamu ni God's Country, iliyotoka mwaka 2022.

Nilimwomba kijana aniazime, nikaisikiliza siku nne. Nimeona kwamba kelele hizi zina ukoo, tena ukoo wenye kisa.

Tuseme upande wa baba ni Chicago. Huko kulikuwa na kundi la The Jesus Lizard, lililoanzia Texas mwishoni mwa miaka ya 1980. Muziki wao waliuita roki ya kelele. Tafuteni albamu za Goat ya 1991 na Liar ya 1992. Besi ndiyo inayobeba wimbo, gitaa linakwaruza pembeni, na David Yow haimbi. Anabwabwaja kama mlevi anayegombana na ukuta. Aliyewarekodi ni Steve Albini, aliyefariki Mei 2024. Bwana huyu hakupenda kuitwa prodyuza, wala hakutaka asilimia ya mauzo. Alirekodi bendi jinsi inavyopiga, na sauti ya mwimbaji akaiacha izame katikati ya vyombo, hata ukisikiliza unahisi umesimama nao chumba kimoja. Wanunuzi walikuwa wachache, na baadhi yao waliringia huo uchache.

Upande wa mama ni Bakersfield, California, mji wa visima vya mafuta na mashamba. Ndiko lilikotoka kundi la Korn, ambalo albamu yake ya kwanza ya 1994 ndiyo wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa nyu metali. Walichukua magitaa ya nyuzi 7 badala ya 6, wakazilegeza zaidi, ule uzi mnene ukawa unanguruma kama lori linalopanda mlima. Besi yao inabofya na kugonga kama ngoma, tabia waliyoiokota kwenye hip hop. Lakini kilichowashtua watu ni wimbo wa mwisho. Mwimbaji, Jonathan Davis, anasimulia mabaya aliyotendewa utotoni, na mwishowe anaangua kilio. Si kilio cha kuigiza. Prodyuza Ross Robinson hakuzima mitambo. Aliacha mkanda uzunguke hadi mwisho.

Watu wa pande hizi mbili hawakupikika chungu kimoja. Wale wa Chicago waliwaona wapenzi wa Korn kuwa watoto waliolelewa na televisheni. Mwaka 1998 albamu ya Korn ya Follow the Leader iliingia namba moja Marekani, dharau zikazidi. Likaja tamasha la Woodstock, Julai 1999: ghasia, moto, na taarifa za wanawake kubakwa. Lawama kubwa alitwishwa Limp Bizkit, ingawa ile mioto mikubwa iliwashwa siku iliyofuata, wengine wakiwa jukwaani. Tangu hapo nyu metali ikawa kitu cha kuficha chini ya godoro.

Kumbe undugu ulikuwapo siku zote. Kulikuwa na kundi la New York, Helmet, likiongozwa na Page Hamilton, mtu aliyesomea jazi. Albamu yao ya 1990 ilitolewa na Amphetamine Reptile, kampuni ya Minneapolis ya roki ya kelele. Ya pili, Meantime ya 1992, ndiyo iliyosambaa. Sikilizeni wanavyofanya: gitaa na ngoma vinapiga pamoja, vinakata ghafla, kimya, kisha vinapiga tena, na huo ukimya unauma kuliko pigo lenyewe. Mtindo huo waliuchukua wapiga gitaa wa nyu metali, akiwamo Stephen Carpenter wa Deftones. Kwa hiyo baba na mama walikuwa binamu tangu mwanzo, na kwa watu wa pwani hilo si ajabu.

Waliokuwa watoto Korn ilipovuma sasa ni watu wazima, na baadhi wana bendi. Chat Pile wenyewe hawafichi kwamba wanaipenda Korn. Besi yao ni ya Bakersfield, gitaa ni la Chicago. Mwimbaji, anayejiita Raygun Busch, anaanza kama mtu anayebishana peke yake kituo cha basi, kisha anapasuka. Kuna wimbo anaouliza, kama mtoto mdogo, kwa nini watu walale nje. Davis alilia yake. Huyu analilia ya wengine, na hapo naona amewapita wazazi wake. Sikupenda yote. Wimbo wa mwisho, wa karibu dakika 9, ulinichosha.

Wala msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu ya kelele nzito mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Jina lao si yule mnyama mwenye mbio. Wao wanakusudia neno la Kikuyu, giza.

Niliporudisha albamu nilimweleza mama maana ya jina Chat Pile. Ni rundo la kokoto zinazobaki baada ya kuchimbwa madini ya risasi na zinki. Katika mji wa Picher, kaskazini-mashariki mwa Oklahoma, malundo hayo yalikuwa vilima. Watu walizimwaga kokoto kwenye njia za magari, wengine wakawawekea watoto wachezee kama mchanga. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliingiza eneo hilo katika orodha ya sehemu zenye sumu zinazopaswa kusafishwa, na mwaka 2009 mji wenyewe ukafutwa.

"Na hao watoto?" akauliza.

Nikamwambia wengi walipimwa, wakakutwa na risasi katika damu. Akakaa kimya, kisha akamgeukia mwanawe. Alimwambia apunguze sauti. Hakumwambia azime.

Tukutane juma lijalo.