Msingi Kwanza, Matunda Baadaye

Mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Uganda, na Joe Church, tabibu Mwingereza aliyehudumu Gahini nchini Rwanda, waliketi pamoja wakaidurusu Biblia kwa sala. Na kutokana na faragha ile ukaenea uamsho uliofika hadi Kenya na Tanganyika.

Asiyeujua uamsho ule hudhani kiini chake kilikuwa nyimbo na machozi. Lakini majirani waliusadiki zaidi walipomwona mtu akirejesha mchana kweupe jembe aliloliiba zamani, akimtaka mwenyewe radhi mbele ya watu. Hayo ni matunda, wala si msingi. Kwani mja hapati ghofira kwa kurejesha jembe, bali hulirejesha kwa kuwa amekwisha kughofiriwa, na aliyetulia juu ya neema ya Kristo hana tena haja ya kuificha aibu yake.

Ndiyo sababu ndugu wa uamsho huo walidumu kukutana, wakisoma, wakiungama na kuonyana. Hata vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni vilipozuka Kenya katika miaka ya 1950, wengi wao walikataa kula kiapo cha wapiganaji, na baadhi wakakataa pia silaha za serikali, ingawa wako waliouawa. Imani isiyotiwa nguvu kwa toba na durusi wakati wa amani, haipatikani kwa ghafula siku ya taabu.