Nani alisema Kiswahili kilifia Uganda?

JULAI 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali, kufuatia agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, simu yangu haikupumzika. Wa kwanza kunitumia ujumbe alikuwa mteja wangu wa Kisumu anayenunua dagaa. Hakunipongeza. Aliniletea ule utani ambao kila mfanyabiashara wa Uganda aliyevuka mpaka ameshatupiwa: kwamba Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikakulia Tanganyika, kikaugua Kenya, kikafia Uganda na kuzikwa Kongo.

Nilimjibu kwamba kama ni hivyo, basi amekuwa akipunguziwa bei kwa lugha ya marehemu miaka tisa, na deni la magunia mawili bado analo.

Msomaji, mimi si mwalimu wala mwanasiasa. Nachukua dagaa Masese hapa Jinja, nachukua mahindi na maharage Mbale, nauza Busia. Nilikulia Eldoret, wazazi wangu walikokimbilia wakati wa vurugu, na tuliporudi Jinja mwaka 1987 nilikuwa na umri wa miaka 12 na Kiswahili changu cha Eldoret mdomoni. Watoto wa jirani walinicheka, hilo la kawaida. La ajabu ni kwamba bibi mmoja wa jirani alimwita mama yangu pembeni akamwambia: "Waambie hawa watoto wasizungumze hicho kitu jioni karibu na barabara. Watu watafikiri ni askari."

Wale walioishi hapa miaka hiyo hawahitaji maelezo. Jeshi liliongea Kiswahili tangu enzi za Mwingereza, na Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, wengi walikisikia kama amri ya kambini. Baadaye, katika utawala wa pili wa Obote, maneno mawili tu, "panda gari", yaligeuka kuwa jina la misako ambayo watu walisombwa kwenye malori, na si wote waliorudi. Mpaka leo kuna wazee wanaosema "panda gari" kwa kunong'ona, na hawamaanishi safari.

Lakini chuki haikuanzia kwa askari. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike shuleni na serikalini, na Kabaka Daudi Chwa akapinga hadharani mwaka 1929. Maaskofu nao hawakukitaka. Kwa hiyo lugha ilikataliwa kwanza na mabwana wakubwa, kisha ikachafuliwa na wenye bunduki. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini kitumike pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria. Kwa lugha yetu ya sokoni, bidhaa ilipewa leseni bila kupewa kibanda.

Hata hivyo, mimi huwa nakereka watu wanapoongea kana kwamba Uganda nzima ni Kampala. Hapa Jinja kuna mtaa wa Walukuba, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wakati bwawa la Owen Falls na viwanda vya nguo vilipoanza miaka ya 1950. Walitoka kila upande: Wasoga, Wateso, Wasamia, Wajaluo, Waacholi, Wanubi. Hao wangezungumza nini kwenye bomba la maji? Na majeshi ya Tanzania yalipoingia Jinja Aprili 1979, watu walitoka barabarani kuyashangilia, na shangwe hizo zilijibiwa kwa Kiswahili. Lugha ileile, wiki ileile, kwa wengine ilikuwa kifo na kwa wengine ukombozi.

Kwenye muziki ndiyo usiseme. Wakati tunaambiwa lugha imekufa, Jose Chameleone alikuwa akijijengea jina Afrika Mashariki nzima kwa nyimbo kama "Jamila" na "Bei Kali". Vijana wanaonipakilia mizigo Namatala, pale Mbale, wanaimba Bongo Fleva neno kwa neno. Ukiwauliza maana, wanacheka. Mimi sioni ubaya. Hata kanisani watu waliimba Kilatini.

Sasa twende mpakani, maana huko ndiko lugha inapopimwa kwa mizani. Samaki mmoja mdogo ana majina matatu: kwa Mtanzania ni dagaa, kwa Mkenya ni omena, kwetu ni mukene. Asiyejua majina yote matatu atapitwa na wateja akiwatazama. "Gunia" nalo ni neno la hatari. Mkenya akisema gunia la mahindi ana maana ya kilo 90. Kwetu Uganda gunia ni kilo 100. Nimeona watu wazima wakishikana mashati kwa zile kilo 10, wote wawili wakisema kweli. Na shilingi? Ya Kenya moja ni takriban 28 za Uganda. Ukisikia "nipe mia" usifungue mkoba kabla hujauliza mia ya wapi.

Hayo yote tumeyamaliza wenyewe bila mkalimani wa serikali. Hata bodaboda, neno linalotumika leo mpaka mijini mbali na hapa, lilizaliwa na vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Nasi wa Mbale tunaye ndugu ng'ambo: Mgisu na Mbukusu wa Bungoma wanaelewana kwa lugha zao, na Agosti ya miaka ya tohara hawahitaji Kiswahili kuitana kwenye ngoma. Kiswahili ni cha yule asiye ndugu yako, ambaye lazima umuamini kwa dakika 10 mpaka pesa zihesabiwe.

Siku niliyoona thamani yake kuliko siku zote ilikuwa Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini. Mimi mzigo wangu ulikuwa bado ghalani Mbale, lakini nilikuwa Busia siku zilizofuata. Malori yalisimama. Habari ilikuja kwa Kiingereza cha maabara na ikageuka kuwa kila kitu: wengine walisema ni kodi mpya, wengine ugonjwa wa binadamu kama korona, wengine kwamba ni fitina ya wakulima wa Kitale tu. Mama mmoja aliyekuwa na magunia 30 alikuwa akitafuta mtu wa kumlipia hiyo "afulato" ili apite. Ndiyo, alidhani ni ushuru. Kuna kijana asiye na ofisi wala kiti aliyekuwa tayari kupokea pesa zake.

Aliyetuokoa ni dereva wa Kitanzania aliyekuwa amejinyoosha chini ya lori lake. Alisema, "Mama, hiyo sisi tunaiita sumukuvu." Hakuhitaji kuongeza neno. Sumu ya kuvu! Kila mtu pale aliwahi kufungua gunia akaona ukungu wa kijani na kusikia ile harufu ya ghala la msimu wa mvua. Yule mama akarudisha pesa zake kwenye kitambaa na kuanza kuuliza mambo ya maana: mahindi yakauke kiasi gani, yaanikwe wapi, nani anapima.

Na majibu yalikuwepo. Tarehe 10 Machi Kenya ilifungua tena kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti cha kutoka nchi ulikolimwa na cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni. Kiwango cha unyevu cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Maana yake kwa mkulima wa Sironko ni kwamba mahindi yaanikwe juu ya turubai, si kwenye udongo wala ukingo wa lami, na yasitiwe kwenye gunia yakiwa bado na jasho.

Nitasema jambo ambalo wenzangu hawatalipenda. Wakenya hawakuwa wakicheza. Mwaka 2004 sumu hiyohiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, waliokula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Tulikuwa na haki ya kulalamika kwamba malori yalisimamishwa ghafla. Hatukuwa na haki ya kusema sumu haipo. Lakini nani angetuelewesha, kama neno lenyewe lilifichwa ndani ya lugha ambayo muuza mahindi hakusoma?

Ndiyo maana tangazo la mawaziri halikunifanya nicheze ngoma. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa sisi wa mizigo midogo, isiyozidi dola 2,000 za Marekani: cheti kifupi pale pale mpakani, na bidhaa iliyo kwenye orodha haitozwi ushuru wa forodha. Ni jambo zuri sana. Ila fomu niliyopewa mimi mara ya mwisho ilikuwa ya Kiingereza, na nje ya mlango walikuwepo vijana wanaojazia watu kwa malipo. Cheti ni cha bure. Kinacholipiwa ni Kiingereza. Wakianza na karatasi hiyo moja, nitaamini.

Shuleni angalau wameanza. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 uliweka Kiswahili kuwa lazima vidato viwili vya kwanza. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anasoma kidato cha kwanza Mbale. Mwalimu wake wa Kiswahili ndiye pia wa historia, naye, masikini, anajifunza ngeli usiku ili azifundishe asubuhi. Mtoto alipata alama 78. Anajua wingi wa ufunguo na wa uteo, ambao mimi hata uteo wenyewe sina nyumbani.

Likizo iliyopita nilimchukua Busia anisaidie kupima dagaa. Mteja wa kwanza, mama wa Kikenya mwenye haraka, aliweka pesa mezani akasema, "Nipimie gorogoro moja, na usinilalie." Mjukuu wangu akageuka nyuma, akatazama chini ya meza, akaninong'oneza: "Jaja, nani amelala?"

Nikamwambia apime kwanza, na ajaze mpaka juu.