Asilimia Tisini na Sita ya Jani la Mkonge

Mabaki ya kiwandani ni kila kinachosalia baada ya kiwanda kutoa bidhaa kilizokusudia, na katika pwani ya Kenya ni vigumu kupata zao linaloonyesha wingi wake kuliko mkonge, kwa kuwa singa, yaani nyuzi zinazosokotwa kamba na kufumwa magunia, ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Asilimia 96 iliyobaki ni maji na nyama ya jani, ambayo korona, mashine ya kuponda na kuparua majani, huitema mchana kutwa.

Katika Kaunti ya Kilifi, mkonge umetanda hasa kusini, kuelekea Vipingo. Zao hili liliingia Afrika Mashariki mwaka 1893 kwa mkono wa Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ilinusurika 62 tu, na kwa miongo mingi mabaki yake yalirundikwa kando ya viwanda au kumiminwa mitoni. Maji ya mabaki hayo ni makali na yana sukari, kwa hiyo bakteria wanaoyaozesha humaliza oksijeni mtoni na samaki hufa, huku marundo yaliyokosa hewa ndani yakitoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa.

Methani hiyohiyo ikikusanywa katika tangi lisiloingiza hewa huwa nishati. Huko Hale, mkoani Tanga nchini Tanzania, kampuni ya Katani ilijenga kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, mtambo wa kilowati 150 wa kutumia mabaki ya mkonge, na Kilifi Plantations nayo ikachanganya mabaki hayo na samadi ya ng'ombe wake wa maziwa, gesi ikaendesha injini ya kufua umeme. Tope linalosalia tangini nalo lina thamani, kwani chokaa na potasiamu ambazo mkonge huzifyonza kwa wingi hurudi udongoni pamoja nalo.

Hata hivyo, umeme unaoishia koronani humpunguzia gharama mwenye shamba peke yake. Mkataba wa mtambo wa aina hii unapaswa kutaja waziwazi kiasi cha umeme na tope kitakachomfikia mwanakijiji jirani, kwani yeye ndiye aliyevumilia harufu ya marundo hayo.