Daftari la Marehemu na Haki ya Yatima

Tuchukue mfano wa Ihanja, katika Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nchi ya alizeti. Ndugu wawili wameshirikiana mashine ya kukamulia mafuta. Mmoja amefariki, ameacha mjane na watoto wadogo. Aliyebaki asema mashine haikuwa na faida, wala hapana cha kurithiwa ila madeni. Mjane hasadiki. Shauri limefika mahakamani na kila upande waapa. Hakimu amsadiki nani?

Hapo ndipo ahitajiwapo mhasibu mchunguzi. Huyu hatosheki na daftari peke yake, maana daftari laweza kuandikwa upya usiku mmoja. Hulilinganisha na yale ambayo mwenye daftari hakuyaandika yeye: taarifa za benki, miamala ya fedha kwa simu, stakabadhi za wanunuzi wa mashudu. Huuliza hata umeme wa LUKU. Daftari likisema mashine ililala mwezi mzima, na umeme wa mwezi huo ukawa umenunuliwa kama wa miezi ya mavuno, pana swali litakalo jibu. Pengine umeme ulitumika kwa kazi nyingine ya halali. Na hilo pia hana budi kulichunguza, kwani atafutaye hatia tu ni mshitaki, si mchunguzi.

Wala yeye si kadhi. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 yairuhusu mahakama kupokea maoni ya mtaalamu, lakini hakimu hafungwi nayo, na upande wa pili una haki ya kumhoji.

Ulinganishaji huo huo umewahi kufanywa kwa mali ya taifa zima. Katika mwaka wa fedha 2005/06 Benki Kuu ya Tanzania ililipa kampuni 22 shilingi zaidi ya bilioni 133 kutoka akaunti ya madeni ya nje, maarufu kwa jina la EPA. Wakaguzi wa Ernst & Young walipozipekua hati, waliona kampuni 13 kati ya hizo zimelipwa kwa nyaraka za kughushi. Matokeo yalitangazwa Januari 2008, na Novemba mwaka huo washitakiwa wakaanza kufikishwa Mahakama ya Kisutu.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Imam Bukhari amepokea kwamba Mtume wetu (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka za Banu Sulaym, na aliporudi akamtaka hesabu; naye alipotenga fungu akidai ni zawadi aliyopewa, Mtume alimkemea hadharani. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu yahusu kuandika deni.

Twajua ada ya mchunguzi yaweza kuzidi kile kinachogombewa. Shauri dogo huenda likamalizwa na mhasibu wa kawaida mbele ya wazee wa msikiti. Lakini naye atataka karatasi. Basi mjane asitupe laini ya simu ya marehemu, akusanye stakabadhi zote, na daftari aliweke kama alivyolikuta, bila kusahihisha neno, hata ule ukurasa uliomwagikiwa mafuta.