Je, Wajua? Merikani, mwungwana na soko la Nyangwe

Je, wajua kwamba katika Maniema ya zamani, mashariki mwa Kongo, "merikani" lilikuwa jina la kitambaa? Kilikuwa cha pamba, kizito, kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kuletwa Unguja na merikebu za Salem. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, mwaka 1833, na kitambaa hicho kikawa fedha ya safari za bara. Kilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne ni shuka, minane ni doti. Kwa doti mpagazi alipata ujira wake, pembe ya ndovu ikanunuliwa, na binadamu pia. Lakini pamba yenyewe ilichumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Jasho la mtumwa wa kule likaja kununua mtumwa wa huku, na kwangu hakuna jambo zito kuliko hili katika historia yetu na yao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoifanya merikani iadimike, vitambaa vya Uingereza na Bombay vilishika nafasi yake.

Je, wajua kwamba vita hivyohivyo viliwagusa wageni wawili waliofika Nyangwe, mji ulio kwenye mto Lualaba, upande wa mkondo wa juu kutoka Kindu? Henry Stanley, aliyepita hapo mwaka 1876 akiwa na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alipigana upande wa Kusini, akatekwa kwenye pigano la Shiloh mwaka 1862, kisha akavaa sare za Kaskazini. Robert, mwana wa msafiri Mwingereza David Livingstone, alijiunga na jeshi la Kaskazini kwa jina la bandia, akafia kifungoni North Carolina Desemba 1864.

Baba yake alifika Nyangwe Machi 1871. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, wanawake walikuwa wamepanga kuku, samaki na vyungu. Mtu mmoja mwenye bunduki, wa upande wa wafanyabiashara Waarabu, akabishania bei ya kuku, na mara risasi zikaanza kulia. Watu walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wengi wakajitupa mtoni. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Je, wajua kwamba Kingwana, jina la zamani la Kiswahili chetu, limetoka kwa "mwungwana", yaani mtu huru? Marekani ilikomesha utumwa kwa katiba, Desemba 1865. Maniema haikuwa na karatasi ya namna hiyo. Mtoto aliyetekwa vitani akakulia Kasongo, mji wa mabwana Waarabu, akavaa kanzu, akaswali na kusema Kiswahili, alijiita mwungwana hata kama bwana wake bado alimtuma. Aprili 1893 Kasongo ilitekwa na majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na utawala wa mabwana hao ukavunjika. Lugha haikuvunjika. Sokoni Kindu, bei ya samaki bado inapatanwa kwayo.