Shofaje ya gazi ikikataa kuwaka: fuata mstari wake, usikisie



Mwezi wa kumi na moja ukifika huku Iowa, baridi inashuka chini ya sifuri na simu yangu haitulii tena. Wakongomani tuko wengi mu hili jimbo, Des Moines, Cedar Rapids, Iowa City, na wengi wetu tumetoka Uvira, Fizi, Bukavu, Kalemie, mahali ambapo hakuna mtu anayefunga mashine ya kupasha nyumba nzima moto. Mtu anapewa ufunguo wa nyumba, anaonyeshwa jikoni na choo, lakini ile mashine ya chini ya nyumba hakuna anayemueleza. Halafu usiku mmoja wa digrii 20 chini ya sifuri, mama ananiita: "Papa, ile kitu ya chini imekataa. Watoto wamelala na makoti."

Niko fundi wa hizo mashine. Nilisoma elektromekaniki kwetu, huku nikaanza upya chini ya fundi mwenye leseni. Naandika hii kwanza kwa wale wanaoishi huku, juu nimeona watu wakilipa pesa mingi kwa vipande ambavyo havikuwa vimeharibika. Lakini naandika pia kwa mwanafunzi wa Bukavu ao Lubumbashi ambaye labda hatagusa shofaje maisha yake yote. Namna ya kutafuta ubovu ni ileile ku jenereta, ku frigo, ku pompe ya maji.

Kabla ya kufungua kitu chochote, tuongee juu ya hewa. Gazi ya nyumbani yenyewe haina harufu. Inatiwa dawa inayonuka kama yai bovu ili pua yako ikuonye. Ukisikia ile harufu, usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani. Toa watu wote inje, njo upige 911. Kuko hewa ingine mbaya zaidi, isiyo na harufu wala rangi: monoksidi ya kaboni. Inazaliwa pale moto haupati hewa ya kutosha, na inabaki ndani pale moshi unakosa njia ya kutoka. Watu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa inayolala mu mashimo na kuua mbuzi na watoto. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka mu udongo wa volkano. Ni nzito, inakaa chini. Monoksidi haikai chini, inachanganyika na hewa ya chumba chote. Ndugu yake wa karibu kwetu ni ile hewa ya mbabula ya makala iliyoingizwa mu chumba kilichofungwa madirisha. Kwa hiyo shofaje ikikufa usiku, usilete makala ndani, na usiache mlango wa jiko la gazi wazi ili upashe nyumba. Kengele ya monoksidi iwe karibu na vyumba vya kulala. Bei yake haifiki bei ya viatu vya mtoto.

Sasa tuingie ku mashine yenyewe. Waamerika wanaiita fanesi. Siye tubaki na shofaje.

Shofaje ya kisasa haiwaki kwa bahati. Inafuata mstari, na kila hatua inangoja ushuhuda wa ile iliyotangulia. Termostati ya ukutani inafunga njia ya umeme mdogo, volti 24, na kuambia karte ya elektroniki kwamba nyumba imepoa. Karte inaamsha kwanza feni ndogo, ile ya kuvuta moshi na kuusukuma inje. Feni hiyo ikizunguka vizuri, inavuta hewa pia mu mrija mwembamba wa mpira unaofika ku swichi ya presio. Swichi inajifunga, maana yake njia ya moshi iko wazi. Hapo kiwashio kinapewa umeme, na mu sekunde 15 ao 30 hivi kinakuwa chekundu cha kuumiza macho. Njo valvu inafungua gazi, moto unashika. Palepale karte inauliza: moto uko kweli? Ikikosa jibu, inafunga gazi mu sekunde chache. Ikipata jibu, moto unaendelea, na feni kubwa, ile inayosukuma hewa ya moto mu vyumba, inangoja nusu dakika hivi kabla ya kuanza, ili chuma kipate joto na watu wasipulizwe hewa baridi usoni.

Ukijua huu mstari, umeshapata nusu ya kazi. Simama mbele ya mashine, mwambie mtu apandishe termostati, na usikilize. Usiulize "kipande gani kimekufa?" Uliza "imefika wapi, na ilikuwa inangoja nini?" Tena ku karte kuko taa ndogo inayopepesa, na nyuma ya mlango wa shofaje mara nyingi kumebandikwa karatasi inayosema kupepesa mara 2 ni nini, mara 3 ni nini. Andika hiyo hesabu kabla ya kuzima umeme, juu ku mashine zingine ukizima, kumbukumbu inapotea.

Ikiwa kimya kabisa, usikimbilie karte. Angalia betri za termostati. Angalia disjonktere, na ile swichi iliyo pembeni ya shofaje inayofanana na swichi ya taa; mara ngapi mtoto ao mtu anayetafuta taa ameizima! Angalia mlango wa mashine umekaa vizuri, juu nyuma yake kuko kitufe kinachokata umeme mlango ukifunguliwa. Halafu ku karte kuko fizible ndogo kama ya gari, ya ampea 3 ao 5. Ikiwa imeungua, kuweka ingine bila kutafuta waya uliogusana ni kuunguza mbili.

Feni ndogo ikizunguka lakini kiwashio hakipati umeme, swichi ya presio haijajifunga. Hapo fundi mwenye haraka ananunua swichi mpya. Ubaya ni kwamba ile swichi mara nyingi inasema ukweli. Mrija wa mpira umepasuka ao umejaa maji. Zile shofaje zinazotoa moshi kwa bomba za plastiki zinakamua joto mpaka moshi unageuka maji, na mfereji wa hayo maji ukiziba, yanarudi ndani. Ao tu theluji imefunika bomba huko inje, ao ndege amejenga. Nimeshasafisha theluji kwa mikono ku ukuta wa nyumba, shofaje ikawaka kabla sijafungua mfuko wa vyombo.

Mwaka mmoja nilikuta waya mfupi umeunganishwa ku ncha mbili za ile swichi. Mtu aliyepita mbele yangu, sikumjua, aliona swichi inakataa, akaipitia juu. Shofaje ilikuwa inawaka vizuri sana! Familia ilimsifu. Lakini kuanzia ile siku hakukuwa tena kitu cha kuzuia gazi kama moshi ukikosa njia, na hapo juu walikuwa wanalala watoto watatu. Mtu aliyesoma umeme anaweza kufunga waya kwa dakika moja ili apime, akiwa amesimama palepale. Akiuacha na kwenda nyumbani, hilo haliitwi tena ufundi.

Kiwashio chenyewe kinapimwa kirahisi. Ku nyumba za huku kingi kinapata volti 120. Volti zikifika ku plagi yake na hakitoi mwanga, kimekufa. Zima umeme, kitoe, pima ukinzani kwa multimetri. Cha silikoni kabidi kikiwa baridi kinatoa kati ya omu 40 na 90 hivi. Kikiwa wazi kabisa, kimepasuka, hata kama macho hayaoni ufa. Volti zisipofika, kiwashio hakina kosa, rudi nyuma ku mstari. Na ukiweka kipya, usikishike kwa vidole ku sehemu inayowaka: mafuta ya ngozi yanaweza kukipasua kikipata joto.

Ubovu ninaoupenda kuliko yote (samahani, kila fundi ana wake) ni huu: moto unashika, sekunde chache, unazimika. Mashine inajaribu tena, mara tatu hivi, halafu inajifunga. Nyingi zinangoja saa moja na kuanza tena. Kuko familia moja ilifikiri shofaje yao iko na saa ya kupumzika. Walikuwa wameshauziwa termostati mpya, halafu kiwashio kipya. Lakini kama moto unashika, termostati na kiwashio vimeshafanya kazi yao! Mstari ulikuwa umefika mbele yao wote wawili.

Anayeulizwa hapo ni kijiti cha chuma kilichosimama ndani ya moto. Watu wa fizikia, mtafurahi. Moto una chembe zenye chaji, kwa hiyo unapitisha umeme kidogo. Karte inatuma umeme wa kwenda na kurudi ku kijiti. Upande mwingine ni chuma cha bena, kilichofungwa ku udongo. Kijiti ni kidogo, bena ni kubwa, kwa hiyo umeme unapita zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na kinachobaki ni umeme mdogo wa upande mmoja, mara nyingi kati ya mikroampea 1 na 6. Karte inatafuta ule tu. Juu ya nini? Juu waya uliogusa chuma ungepitisha umeme pande zote mbili sawasawa, na karte haitadanganywa: moto peke yake njo unaweza kutoa lile jibu.

Ku ile nyumba multimetri, ikifungwa mu mfululizo na waya wa kijiti, ilisoma mikroampea 0.4. Kijiti kilikuwa kimevaa ngozi nyembamba ya kijivu isiyopitisha umeme. Nilikitoa, skrubu moja, nikakisugua na pamba laini ya chuma, si msasa mkali, nikakirudisha: 3.2. Ikiwa kusafisha hakusaidii, pima udongo wa mashine, na uangalie kama fazi na netre hazijageuzwa. Zikigeuzwa, moto mzuri kabisa unaonekana kama haupo.

Tubaki na feni kubwa. Moto unawaka, feni haizunguki, inanguruma tu kama ng'ombe aliyefungwa: kwa moteri za zamani kidogo, shuku kwanza kondansatere. Zima umeme, imalize chaji yake kupitia rezistansi, njo uipime. Imeandikwa mikrofaradi 7.5 na inasoma 5, itupe. Gurudumu la feni lizunguke kwa mkono bila kukwama. Likikwama, ni moteri ao uchafu. Moteri za kisasa zina elektroniki yake ndani, haziko na kondansatere ya inje, na bei yake inauma. Usiitoe kabla ya kuhakikisha umeme na amri ya karte vinaifikia.

Feni inazunguka bila kukoma na hewa ni baridi? Kwanza soma termostati: pengine mtu ameweka feni ku kuzunguka siku zote badala ya yenyewe. Kama siyo, kuko swichi ya joto ndani, imefunguka juu chuma kilizidi moto, na karte inazungusha feni ili kukipoza. Hapa wengi wanasema "kuwasha kumeharibika", na ugonjwa ni filtri iliyoziba, ao kapeti na kitanda vilivyofunika matundu ya hewa. Filtri inabadilishwa kila mwezi mmoja mpaka mitatu, na mshale wake unaelekea ku feni. Kuko pia kibao ndani ya mlango kinachoandika hewa inapaswa kupata digrii ngapi ikipita mu mashine, kwa mfano kati ya 19 na 36 za Celsius. Pima inayoingia na inayotoka. Ikizidi, hewa ni kidogo. Ukiacha hivyo miezi, chuma kinapanuka na kusinyaa kupita kipimo mpaka kinapasuka, na kile chuma njo ukuta pekee kati ya moshi na hewa ya watoto. Kikipasuka, hakuna gundi, shofaje inazimwa.

Mpangaji, kazi yako ni betri, swichi, filtri, theluji na matundu. Valvu na bomba za gazi usiguse. Sheria ya hapa inataka leseni, na mwenye nyumba njo anayedaiwa kutengeneza shofaje, si wewe. Mwandikie, usipige simu tu, na usimwandikie "haiwaki". Mama wa juzi nilimsaidia kuandika hivi: "Feni ndogo inazunguka. Kiwashio kinakuwa chekundu. Moto unashika, unazimika baada ya sekunde 5, mara tatu. Taa inapepesa mara 3. Filtri ni mpya. Ndani ni digrii 11, kuko mtoto wa miezi minne." Fundi alifika ile asubuhi, na alikuja na pamba ya chuma mkononi.