Je, Wajua? Mbono, Miwa na Bei ya Mafuta ya Kula

Je, wajua kwamba mbono, mmea uleule unaopandwa kama ua na kuzungushiwa makaburi huku kaskazini mwa Tanzania, uliwahi kurusha ndege? Tarehe 30 Desemba 2008, Boeing 747 ya Air New Zealand iliruka kutoka Auckland na kukaa angani takriban saa mbili. Injini moja kati ya nne ilikuwa ikitumia mchanganyiko wa mafuta ya kawaida ya ndege na ya mbono, nusu kwa nusu. Shirika hilo lilisema mafuta hayo ya mbono yalitoka India, Malawi, Msumbiji na Tanzania.

Mbono una sumu, ndiyo maana mbuzi na ng'ombe hawaugusi. Kule juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Kibosho, Machame na Marangu, mpaka wa kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, ni mimea ya masale. Mbono ni wa tambarare, kwenye joto na ukavu. Kutoliwa kwake ndiko kulikowavutia watunga sera, waliodai kuwa mmea usioliwa hauwezi kupandisha bei ya chakula. Hoja hiyo haisimami. Mbono hauliwi, lakini ardhi unapopandwa inaweza kuotesha mahindi na maharage. Kwa Mchaga mwenye kihamba cha ekari moja, tambarare ndiko anakoshuka kulima mahindi, kisha anapandisha mabua kwenda kulisha ng'ombe wa bandani.

Isitoshe, mbono huvumilia ukame lakini hauzai vizuri bila maji na rutuba. Lita moja ya mafuta huhitaji kilo nne au zaidi za mbegu, na matunda ya tawi moja hayaivi kwa pamoja, hivyo mchumaji hurudi kwenye mti uleule mara kwa mara. Kampuni ya Diligent ya Arusha ilinunua mbegu kwa wakulima waliokuwa na mibono, mingi yake ikiwa ni ya ua tu. Mbegu za ua hazikumnyang'anya mtu shamba.

Je, wajua kwamba sheria iliyopitishwa Ulaya ilifika hadi Kisarawe? Mwaka 2003 Umoja wa Ulaya uliweka lengo kwamba asilimia 5.75 ya mafuta ya usafiri itokane na mimea ifikapo 2010; mwaka 2009 ukaweka asilimia 10 ya nishati jadidifu katika usafiri ifikapo 2020. Wawekezaji wakaanza kusaka ardhi Tanzania. Sun Biofuels ya Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, ardhi ya vijiji 11, kwa miaka 99. Kufikia 2011 mradi ulikuwa umekwama. Bioshape ya Uholanzi ilichukua takriban hekta 34,000 Kilwa na kufilisika mwaka 2010. SEKAB ya Sweden, iliyotaka kulima miwa ya ethanoli Bagamoyo na Rufiji, ilijiondoa mwaka 2009. Mwaka huohuo Serikali ilisimamisha utoaji wa ardhi mpya kwa miradi hii, na mwongozo wa nishati ya mimea ukatoka 2010, wakati vijiji vingine vilikuwa vimeshatoa ardhi yao.

Na hili wengi hawalijui: ili mwekezaji wa kigeni apewe ardhi ya kijiji, lazima kwanza ihamishwe kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ikifilisika, ardhi hairudi yenyewe kijijini. Wanakijiji wanaweza kuona mradi umekufa, mashine zimeondoka, na bado wasiwe na haki ya kuingia kukata kuni.

Je, wajua kwamba zaidi ya theluthi moja ya mahindi ya Marekani huenda kutengeneza ethanoli? Hata hivyo, bei ya debe la mahindi sokoni Mbuyuni, Moshi, hutegemea zaidi mvua zetu na biashara ya mpakani Holili. Mafuta ya kula ndiyo yanayotugusa moja kwa moja. Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya mafuta yake ya kula, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Indonesia inachanganya mawese kwenye dizeli: asilimia 30 mwaka 2020, 35 mwaka 2023, 40 mwaka 2025. Kila inapopandisha kiwango hicho, mama lishe wa Moshi hushindania dumu lake na tangi la lori la Jakarta.

Zipo nishati zisizomnyima mtu chakula, na moja iko Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi. Kiwanda cha sukari cha TPC, kilichoanzishwa na Wadenishi mwaka 1930, huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme wake na kuuza ziada kwa shirika la umeme, TANESCO. Tani moja ya miwa hutoa karibu kilo 100 za sukari, kilo 300 za makapi na kilo 30 hadi 40 za molasi. Tani moja ya molasi inaweza kutoa takriban lita 250 za ethanoli. Huko Mwanga, Kilimanjaro Biochem hutengeneza spiriti kwa molasi. Malawi imechanganya ethanoli ya molasi ya Dwangwa kwenye petroli tangu 1982.

Nyingine iko bandani. Mavi ya ng'ombe wawili yanatosha kuendesha mtambo mdogo wa biogesi wa kupikia, na tope linalobaki hurudi kwenye migomba. Kituo cha teknolojia cha CAMARTEC cha Arusha kiliongoza mpango wa kitaifa wa kueneza mitambo hiyo kuanzia 2009. Sera yenye busara ingeanza na mabaki na mavi kabla ya kugusa shamba la mtu.

Ndugu msomaji, mwekezaji akija kijijini kwako, nenda mkutanoni. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema eneo lisilozidi hekta 250 haliwezi kuhamishwa bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Likizidi hapo, anayeamua ni Waziri, baada ya kupokea mapendekezo ya mkutano huohuo. Uliza ardhi itakuwa ya nani mradi ukifa, na jibu liandikwe kwenye muhtasari kabla hujanyoosha mkono.